Wasomaji Wanauliza: Kazi na Karatasi za Ubalozi Mdogo wa Ufilipino

Barua tulizopokea kuhusu jambo hili zimeandikwa na watu waliooa au kuolewa na Wafilipino, wanaofanya nao kazi hospitalini na majumbani, au wanaoishi nao mtaa mmoja huko Marekani, Dubai na Hong Kong. Tumechagua zinazogusa matatizo yanayojirudia. Ada tunazotaja ni za balozi ndogo za Ufilipino zilizoko Marekani. Kwingineko hulipwa kwa fedha ya nchi husika.

Ndugu mhariri, mke wangu ni Mfilipino na tulifunga ndoa California miaka mitatu iliyopita. Pasipoti yake imebakiza miezi minne. Alikwenda ubalozi wao mdogo ili apewe mpya yenye jina langu la ukoo, akaambiwa ndoa yetu haijaripotiwa. Cheti tunacho, kina muhuri wa kaunti. Wanataka nini zaidi?

Cheti chenu ni halali, na kwa sheria ya Ufilipino nyinyi ni mume na mke tangu siku ile ya ndoa. Kinachokosekana ni ndoa hiyo kuingia katika daftari la Ufilipino. Rekodi za vizazi, ndoa na vifo vya Wafilipino, popote walipo duniani, hutunzwa na Mamlaka ya Takwimu ya nchi hiyo, ambayo kila Mfilipino huiita PSA. Wazee bado husema NSO, jina la ofisi iliyokuwapo kabla yake. Ofisa wa pasipoti habadilishi jina la ukoo kwa kuangalia cheti cha kaunti pekee. Anataka Taarifa ya Ndoa iliyopokewa na ubalozi.

Jazeni fomu ya Taarifa ya Ndoa, kwa kawaida nakala nne, kila moja ikiwa na saini ya wino. Msitie saini moja kisha mkatoa fotokopi. Ambatisheni nakala za cheti cha ndoa kilichothibitishwa na kaunti, kurasa za picha za pasipoti zenu wote wawili, na cheti cha kuzaliwa cha mkeo kilichotolewa na PSA. Ada ni dola 25. Kwa kuwa mwaka umeshapita tangu ndoa, mtaongeza hati ya kiapo inayoeleza sababu ya kuchelewa. Andikeni sababu ya kweli. Kutojua kwamba ndoa inatakiwa kuripotiwa ndiyo sababu ya wengi, na hakuna aibu kuisema.

Faili nyingi hurudishwa kwa sababu ya majina. Mfilipino ana jina la kwanza, jina la kati na la ukoo, na hilo la kati ni jina la ukoo wa mama yake kabla hajaolewa. Kaunti za Marekani huliacha, hulifupisha, au huliunganisha na jina la kwanza. Tena kuna "Ma." Wanawake wengi wa Kifilipino wameandikwa "Ma. Teresa" kwenye cheti cha kuzaliwa, halafu kwenye cheti cha ndoa wakawa "Maria Teresa". Kwa macho ya daftari hao ni watu wawili. Kabla ya kwenda dirishani, weka cheti cha kuzaliwa, pasipoti na cheti cha ndoa mezani, usome majina herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, uliza mapema kama hati ya kiapo ya mtu mmoja mwenye majina mawili itatosha, au kaunti itabidi isahihishe cheti chake kwanza.

Taarifa ikishapokewa, ndipo aombe pasipoti. Miadi huchukuliwa mtandaoni na lazima aende mwenyewe, kwa sababu picha na alama za vidole huchukuliwa palepale. Abebe pasipoti ya zamani na fotokopi yake. Ada ni dola 60, taslimu au kwa mani oda, kwani hundi binafsi hazipokelewi. Kijitabu huchapishwa Ufilipino kisha kikasafirishwa, hivyo hesabuni wiki sita hadi nane. Tangu Januari 1, 2018, mtu mzima hupewa pasipoti ya miaka 10, na aliye chini ya miaka 18 ya miaka 5.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: sheria ya Ufilipino haimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Kama mna safari karibuni, aombe pasipoti mpya kwa jina lake la kuzaliwa, na Taarifa ya Ndoa iende kwa wakati wake. Afikirie vizuri kabla ya kubadili, kwa maana mwaka 2010 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilimkatalia mke aliyeshaandikwa jina la mume kwenye pasipoti kurudia la kwao huku ndoa ikiwa bado hai. Sheria mpya ya pasipoti, Na. 11983 ya mwaka 2024, imelegeza jambo hilo, lakini ni rahisi zaidi kuamua mara moja tu.

Nimeposa mwanamke Mfilipino anayeishi Chicago. Aliwahi kuolewa na Mmarekani, wakaachana kwa hukumu ya mahakama ya Illinois. Anasema kwa karatasi za kwao bado ni mke wa mtu. Inawezekanaje? Ubalozi mdogo hauwezi kuifuta ndoa hiyo?

Hauwezi, na asitokee mtu wa kati akakulipisha kwa kuahidi hivyo. Ufilipino haina sheria ya talaka kwa raia wake kwa jumla. Waislamu wanayo, chini ya Kanuni ya Sheria Binafsi za Waislamu ya mwaka 1977. Kwa wengine, mlango uko katika Kifungu cha 26 cha Kanuni ya Familia, kinachosema kwamba mwenzi mgeni akipata talaka halali nje ya nchi, mwenzi Mfilipino naye anakuwa huru kuoa au kuolewa. Mwaka 2018, katika kesi inayojulikana kama Manalo, Mahakama Kuu Kabisa iliamua kwamba mlango huo uko wazi hata kama aliyefungua kesi ya talaka ni Mfilipino mwenyewe.

Lakini talaka hiyo haijiingizi yenyewe kwenye daftari. Inabidi mahakama ya mkoa huko Ufilipino iitambue. Mahakama hizo huchukulia sheria ya kigeni kama jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi, si jambo ambalo jaji analijua tayari. Kwa hiyo wakili wake atahitaji vitu viwili: hukumu ya talaka iliyothibitishwa, na maandishi ya sheria ya talaka ya Illinois yaliyothibitishwa vilevile, vyote vikiwa na apostili ya jimbo, yaani cheti cha serikali kinachoithibitisha hati ili itumike nchi nyingine. Maombi mengi hukwama kwa kukosa hicho cha pili. Hukumu ya kutambua talaka ikishatoka na kuwa ya mwisho, huandikishwa, na PSA huweka maelezo pembeni mwa rekodi ya ndoa ya zamani.

Mchumba wako si lazima asafiri kila mara. Anaweza kutia saini hati maalumu ya uwakili ili ndugu au wakili amwakilishe, na hapo ndipo ubalozi mdogo unaingia. Kufunga ndoa Illinois mnaweza leo, kwa sababu jimbo linawatambua nyote kuwa huru. Mtakapokwama ni Taarifa ya Ndoa ya pili, ambayo haitapita hadi ile ya kwanza iwe na maelezo pembeni. Tungekushauri mwanzishe kesi kabla ya mtoto kuzaliwa, kwa kuwa swali la ndoa ya wazazi litajitokeza tena kwenye karatasi zake.

Mtoto wetu alizaliwa Houston mwaka jana. Mama ni Mfilipino, mimi siye. Rafiki ametuambia tulipie dola 50 za uraia pacha chini ya Sheria 9225. Ni sawa?

Hapana. Mwanao hana cha kurudishiwa. Ufilipino hufuata damu: aliyezaliwa na baba au mama ambaye wakati huo ni raia wa Ufilipino, naye ni raia tangu pumzi yake ya kwanza. Sheria 9225 ni ya watu waliokuwa nao uraia huo wakaupoteza. Mtoto wenu anahitaji Taarifa ya Kuzaliwa tu, ada dola 25, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha Texas, pasipoti za wazazi na cheti chenu cha ndoa. Mkipita miezi 12 tangu kuzaliwa, mtatakiwa hati ya kiapo ya kuchelewa.

Jaribuni kuijaza fomu mkiwa mmetulia. Jina la mtoto lazima lifuate cheti cha Texas lilivyo, hata kama bibi yake kule Cebu angetaka aongezewe jina la kati. Fomu hupelekwa Manila kupitia Wizara ya Mambo ya Nje ndipo zifike PSA, na huchukua miezi kadhaa kabla nakala ya PSA haijapatikana. Hifadhini nakala yenu yenye muhuri wa ubalozi, na siku moja rudini kuuliza namba na tarehe ya shehena iliyobeba fomu hiyo. Bila namba hiyo, kumtafuta mtoto kwenye daftari Manila ni kama kutafuta sindano kwenye majani.

Kama mama alikuwa ameshaapa uraia wa Marekani kabla ya kujifungua, hesabu inabadilika: mtoto hakuzaliwa Mfilipino. Hapo mama ndiye anayeomba kwanza chini ya 9225, na mtoto asiye na ndoa aliye chini ya miaka 18 huingizwa kupitia kwake. Na kwa wasomaji wenye umri mkubwa: aliyezaliwa kabla ya Januari 17, 1973, mama Mfilipino na baba mgeni, alitakiwa kuuchagua uraia wa Ufilipino alipotimiza utu uzima. Kama hakufanya hivyo, jambo lake linahitaji ushauri wa pekee.

Shemeji yangu ni muuguzi, Mfilipino wa kuzaliwa, aliyechukua uraia wa Marekani mwaka 1998. Wazazi wamemwachia shamba Batangas. Je, atalipoteza asiporudisha uraia?

Halipotezi. Katiba ya mwaka 1987 inakataza kumhamishia mgeni ardhi isipokuwa kwa urithi wa kisheria, na yeye anarithi kwa wazazi wake. Akitaka kununua shamba la jirani, hapo ndipo mipaka inamkuta: raia wa zamani aliyezaliwa Mfilipino anaruhusiwa ardhi ya makazi isiyozidi mita za mraba 1,000 mjini au hekta moja shambani. Akirudisha uraia, mipaka hiyo inaondoka.

Sheria 9225 ya mwaka 2003 ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Anajaza ombi, anapeleka cheti cha kuzaliwa cha PSA, cheti cha uraia wa Marekani, pasipoti yake na picha, analipa dola 50, kisha anaapa utii mbele ya konseli, yaani ofisa wa ubalozi mdogo. Balozi ndogo nyingi huwaapisha waombaji kwa makundi, siku maalumu. Baada ya kiapo hupewa cheti cha utambulisho na amri ya idhini. Azitunze hizo kama hatimiliki, kwa sababu pasipoti, benki na msajili wa ardhi wote wataziomba. Uraia wake wa Marekani hauguswi na kiapo hicho kwa upande wa sheria ya Ufilipino. Ila akitaka kugombea cheo cha kuchaguliwa kule, ni lazima kwanza aukane ule wa kigeni kwa kiapo.

Mumewe au mkewe asiye Mfilipino hapati uraia kwa njia hii. Huwa tunaulizwa sana.

Mume wangu anataka dada yake auze nyumba yao ya Quezon City. Notari wa hapa California amegonga muhuri, lakini mnunuzi amekataa karatasi. Tatizo ni nini?

Dada, muhuri wa notari unaishia mipakani mwa jimbo lake. Kuna njia mbili za kuuvusha. Ya kwanza: baada ya notari, hati ipelekwe kwa Katibu wa Jimbo la California ipate apostili. Ufilipino iliingia katika Mkataba wa Apostili Mei 14, 2019, na tangu hapo apostili ya nchi mwanachama inatosha, bila muhuri wa ubalozi wala ile riboni nyekundu ya zamani. Ya pili: mume wako aende mwenyewe ubalozi mdogo na kutia saini mbele ya konseli, ada dola 25. Anayekaa mbali na ubalozi afadhali ya kwanza, anayekaa karibu afadhali ya pili, maana benki na wanunuzi wengi wameizoea zaidi. Aliye katika nchi isiyo mwanachama, kama Falme za Kiarabu, hana apostili, anabaki na ubalozi.

Yaliyomo ndani ya hati ni shauri lingine. Kifungu cha 1878 cha Kanuni ya Madai ya Ufilipino kinataka mamlaka maalumu ili kuuza kitu kisichohamishika. "Namruhusu dada yangu kusimamia mali zangu" haiuzi nyumba. Andikeni: kuuza, kupokea malipo, kutia saini hati ya mauzo, kulipa kodi, kufuatilia uhamisho wa hati. Tajeni namba ya hatimiliki, mahali ilipo nyumba, eneo lake kwa mita za mraba, na jina la msajili aliyeitoa. Jina la dada liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Kama nyumba ni ya mume na mke, wote wawili watie saini.

Konseli hasomi mkataba ili kuona kama una faida kwenu. Anathibitisha kwamba aliyetia saini ndiye mwenyewe, na kwamba ametia kwa hiari. Kwa hiyo mume wako asitie saini nyumbani. Apeleke karatasi tupu mahali pa saini, kitambulisho halisi na nakala za kutosha, na kila ukurasa uwekewe saini pembeni ili usibadilishwe baadaye.

Mimi ni mfanyakazi wa ndani Dubai. Jirani yangu Mfilipino hajalipwa miezi mitatu, mwajiri amemchukulia pasipoti, hapewi siku ya kupumzika. Naogopa kumponza. Nimsaidieje?

Umefanya jambo la maana kuuliza, na tutakujibu kwa kirefu.

Kwanza ujue nani ni nani. Ubalozi mdogo wa Ufilipino Dubai una kitengo cha msaada kwa raia: wanaoshughulikia walio hatarini, walio mahabusu, wagonjwa na wanaotaka kurudi. Ofisi ya Wafanyakazi Wahamiaji, ambayo zamani iliitwa POLO, ni ya Idara ya Wafanyakazi Wahamiaji iliyoundwa kwa sheria ya Desemba 2021. Hiyo ndiyo inayokagua mikataba na kuzungumza na mwajiri na wakala kuhusu mshahara. OWWA ni mfuko wa ustawi wa wafanyakazi walio ng'ambo, ambao mwanachama huuchangia dola 25 kwa miaka miwili. Mtu akiwa na tatizo la mshahara akapanga foleni ya pasipoti, atapoteza siku yake pekee ya kutoka. Akifika, aseme tangu mlangoni: "Sijalipwa na pasipoti yangu imezuiwa."

Pili, kusanyeni habari kabla ya kelele. Jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, jina na simu ya mwajiri, mahali nyumba ilipo hata kama ni kwa alama ya ramani ya simu, jina la wakala wa Dubai na wa Manila, tarehe aliyofika, mshahara ulioandikwa na wa mwisho aliopokea. Picha ya mkataba ikipatikana ni dhahabu. Ujumbe mfupi wa mwajiri unaokiri deni usifutwe. Mpeni nakala mtu wa kuaminika nje ya nyumba, kwa sababu simu ya mfanyakazi wa ndani huchukuliwa mapema kuliko kitu kingine.

Tatu, sheria iko upande wake. Sheria ya Falme za Kiarabu ya wafanyakazi wa ndani, Na. 9 ya mwaka 2022, inampa siku moja ya mapumziko kila wiki na haki ya kukaa na hati zake. Pasipoti yenyewe ni mali ya serikali ya Ufilipino, wala si ya mwajiri. Malalamiko ya mshahara hupelekwa kwenye wizara ya ajira ya huko, na Ofisi ya Wafanyakazi Wahamiaji humsaidia kuyaandika. Kutoroka bila kuripoti popote ni hatari, kwa maana mwajiri anaweza kumshtaki kuwa ametoroka kazini, na kesi hiyo humzuia kuondoka. Akitoka, aende moja kwa moja ubalozini au polisi. Lakini akipigwa au kuguswa vibaya, asingoje karatasi. Atoke.

Konseli hawezi kuvunja mlango wa mtu. Atawapigia polisi na kumfuata mwajiri kwa simu na kwa barua. Ndiyo maana anuani sahihi ina thamani kuliko machozi kwenye mtandao. Familia yake Ufilipino nayo ipige 1348, namba ya simu ya msaada wa wafanyakazi walio ng'ambo, na ifike kwa wakala wa Manila. Hapa kuna silaha ambayo wafanyakazi wengi hawaijui: chini ya Sheria 8042 ya mwaka 1995, wakala wa Ufilipino anabeba deni la mshahara pamoja na mwajiri wa nje. Hata akirudi nyumbani mikono mitupu, anaweza kumdai wakala mbele ya mwamuzi wa kazi kule kwao.

Sheria hiyo ilipitishwa miezi michache baada ya Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani Mfilipino, kunyongwa Singapore mwezi Machi 1995. Nchi nzima ilihuzunika na kuuliza ubalozi ulikuwa wapi. Humo ndimo lilimotoka agizo kwamba penye wahamiaji 20,000 au zaidi pawe na kituo cha msaada kinachofunguliwa saa 24, hata sikukuu. Inawahusu pia walioingia kwa viza ya utalii. Asiogope kwamba hana mkataba uliokaguliwa.

Hong Kong je? Rafiki yangu anasema anapata likizo Jumapili tu.

Ubalozi mdogo wa Ufilipino Hong Kong hufungua Jumapili kwa sababu hiyohiyo. Achukue miadi mapema, kwani ndiyo siku yenye watu wengi. Na akiachishwa kazi kabla ya mkataba kwisha, kwa kawaida ana wiki mbili tu za kubaki, hivyo suala la madai lianze siku ya kwanza.

Mpwa wa mke wangu amekamatwa na polisi Nevada. Ubalozi unaweza kumtoa?

Hauwezi kumtoa, kumlipia dhamana wala kumsimamia mahakamani kama wakili. Unaweza kumtembelea, kuangalia anatendewaje, kuwapa jamaa orodha ya mawakili na kufuatilia kesi. Kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kinampa kila mgeni aliyekamatwa haki ya kuambiwa kwamba anaweza kuwasiliana na ubalozi wake. Kwa Wafilipino walioko Marekani kuna zaidi ya hapo: nchi yao ni mojawapo ya zile ambazo polisi wanatakiwa kuuarifu ubalozi hata mshikiliwa asipoomba. Jambo hilo husahaulika vituoni, hasa mtu akiongea Kiingereza vizuri. Pigeni simu nyinyi wenyewe, mkiwa na jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, jina la gereza na namba ya mahabusu. Kama ameshaapa uraia wa Marekani na hakurudisha wa Ufilipino, mlango huo haumhusu tena.

Mwenzetu wa kazini, Mfilipino, amefariki hapa San Diego. Familia inataka azikwe Iloilo. Tuanzie wapi?

Poleni sana. Anzeni na nyumba ya mazishi iliyowahi kusafirisha maiti nje ya nchi, kwa sababu karatasi nyingi hutoka kwao. Ubalozi mdogo hutoa cheti cha kusafirisha maiti baada ya kuona cheti cha kifo kilichothibitishwa, kibali cha kusafirisha, kiapo cha aliyetia maiti dawa kwamba jenezani hamna kitu kingine, na barua ya afya kwamba hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Pasipoti yake ipelekwe ifutwe. Sambamba na hayo, jazeni Taarifa ya Kifo. Ikikosekana, mjane atakwama baadaye kwenye urithi na hata akitaka kuolewa tena, kwa sababu PSA itaendelea kuonyesha mume yu hai. Majivu nayo huhitaji karatasi, pamoja na cheti cha kuchoma maiti, na hubebwa kwenye chombo kinachopitisha miale ya mashine ya uwanja wa ndege.

Ulizeni pia alikwenda ng'ambo vipi. Aliyepelekwa na wakala huwa na bima ya lazima chini ya Sheria 10022 ya mwaka 2010: dola 15,000 kwa kifo cha ajali na dola 10,000 kwa kifo cha kawaida, pamoja na gharama za kurudisha mwili. Familia nyingi huchangisha kwanza, ndipo zikagundua bima ilikuwepo.

Mke wangu Mfilipino na mimi tunakwenda Manila kwa miezi minane. Nahitaji viza?

Kama mke wako ni raia wa zamani wa Ufilipino, au ni raia aliyekaa nje mfululizo angalau mwaka mmoja, au ni mfanyakazi wa ng'ambo, yeye ni balikbayan, yaani anayerejea nyumbani. Wewe, ukiwa na pasipoti ya nchi isiyohitaji viza kuingia Ufilipino, unaweza kupigiwa muhuri wa mwaka mmoja bila malipo, kwa sharti kwamba mnaingia pamoja. Ukitangulia hata siku moja, utapewa siku za mtalii. Uwe na tiketi ya kurudi. Mkifika dirishani simameni pamoja na mseme "balikbayan" kabla ofisa hajagonga muhuri, kwa maana asipoambiwa atakupa siku 30. Cheti cha ndoa kiwe mkononi, si kwenye begi mlilokabidhi kwa ndege.